Mama Mukubwa Alipoanza Kuwa na Adabu

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, mama yake alisafiri kutoka Butembo kuja kumsaidia. Alikuja kwa ndege, akatua Bangboka, uwanja wetu wa ndege, na juma hilohilo kichwa changu kikafunga. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Nilidhani ni joto.

Afadhali niseme kwanza kichwa hicho kilikuwa kinafanya kazi gani. Mchana mimi ni mtu wa mizigo pale uwanja wa ndege. Napima magunia, nabandika karatasi, nabishana na wafanyabiashara wanaoapa kwamba mizani yetu ina chuki na maharagwe yao. Ndege za Bangboka zina tabia ya kuchelewa, na kati ya ndege kusubiriwa na ndege kufika mtu anaweza kufanya mengi. Wenzangu walicheza dama. Mimi niliandika michezo ya redio.

Kituo chenyewe ni kidogo, kiko mtaa wa Mangobo, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na waigizaji wetu hawalipwi. Wanakuja kwa sababu nyumbani kwao hakuna anayewasikiliza. Kila Jumamosi alasiri walisoma mchezo mfupi wa Kiswahili, wakisimamiwa na mwalimu mstaafu wa Kifaransa ambaye sote tunamwita Directeur, ingawa maishani hajawahi kuongoza shule wala ofisi.

Mhusika aliyependwa kuliko wote tulimwita Mama Mukubwa, kama mtu anavyomwita dada mkubwa wa mama yake. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu. Aliingia, akakohoa kidogo, akasema, "Mimi sisemi kitu," kisha akasema kila kitu. Kwenye matanga alilia kwa uchungu wa kweli, akapangusa machozi, halafu akauliza ni nani aliyepika pondu ile, maana majani ya muhogo yanataka mafuta ya mawese na hapa aliona maji matupu. Kwenye arusi alimsifu bibi arusi mpaka bibi arusi akachoka, kisha akamshauri aanze kukata tamaa mapema ili asije akachelewa. Mji ulimpenda. Sokoni watu walianza kukohoa kabla ya kupatana bei. Tulisikia hata padri mmoja alisema "mimi sisemi kitu" katikati ya mahubiri, waumini wakacheka, na misa ile haikurudi tena kwenye mstari.

Walioniuliza nilimtoa wapi mwanamke huyo niliwajibu kwamba nilimtoa Bangboka, kwa abiria. Na niliamini hivyo.

Mama mkwe wangu nilikuwa simjui kwa sura. Tulikutana siku ya mahari na siku ya arusi, na mara zote mbili nilitazama chini kama inavyompasa mkwe, kwa hiyo nilichokijua vizuri ni viatu vyake. Baada ya hapo alikuwa sauti tu. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, mke wangu akaifungulia spika ili mikono yake iendelee kukunja nguo, na mimi nilikuwa pembeni nikipiga pasi mashati ya kazi. Sikuwa nasikiliza. Naomba nieleweke vizuri hapo: nilikuwa napiga pasi.

Basi akashuka kwenye ngazi za ndege amevaa koti la sufu, kwa sababu Butembo iko juu milimani na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba kuna mahali duniani pasipo na baridi. Nyuma yake lilikuja gunia la viazi na jibini iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Nilimsalimu kwa mikono miwili, macho chini, nikaviona viatu vilevile. Akaitikia, akaanza kuuliza habari za nyumba, kisha akakohoa kidogo.

"Mimi sisemi kitu," akasema, "lakini hii ndege imetua sawa na mutu mwenye kukasirika."

Mtu mwenye akili angeelewa palepale. Mimi nilibeba viazi.

Kwetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hamkai kiti kimoja, hampigi soga, na zaidi ya yote mwanamume hatafuni mbele ya mama wa mke wake. Desturi hiyo ilitungwa na watu wenye viwanja vikubwa. Nyumba yetu ina sebule, vyumba viwili na jiko la nyuma, kwa hiyo umbali ilibidi niutengeneze mwenyewe. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa wa nyuma. Chakula changu nililetewa nyuma ya jiko, nikala nikiwa nimekaa kwenye kigoda, uso ukutani, nimezungukwa na kuku. Niliona nafanya vizuri sana. Hata nilijionea fahari.

Jumatatu ile nikaenda kazini. Ndege ikachelewa, mvua ikapiga mabati ya ghala, kila kitu kilikuwa tayari kama siku zote. Nikachukua karatasi, nikaandika: Mama Mukubwa anaingia. Kisha nikangoja.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa kungojwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkimbilia nyuma, nikiokota maneno yaliyomdondoka. Siku hiyo alisimama mlangoni, ananitazama. Nikajaribu kumtega. Ndani ya nyumba nikaweka sufuria lenye ufa, kijana aliyelala mpaka jua la utosi, na mume aliyevaa soksi za rangi mbili. Akaingia, akaviona vyote. Akasalimu, akauliza hali ya watoto, akasema nyumba ni safi, akashukuru, akaaga.

Nikasoma nilichoandika. Mama Mukubwa alikuwa na adabu.

Nilirudia, nikamletea nyumba mbaya zaidi, naye akazidi kuwa mpole. Directeur alipoisoma karatasi alivua miwani, akaniuliza taratibu kama yule mama ni mgonjwa. Nikamjibu hapana. Akavaa miwani tena, akanitazama mimi.

Watu wengi hufikiri kichwa kikifunga mtu anakuta utupu. Kwangu haikuwa hivyo, angalau mwanzoni. Maneno yalikuja, ila yalikuja yamevaa nguo za kanisani. Juma lililofuata ndipo hata hayo yakakoma. Nikikaa kuandika, mabega yalipanda mpaka masikioni, usingizi ukanishika, na ghafla nikajisikia hamu kubwa ya kusafisha mizani. Sijawahi kuisafisha mizani kama majuma yale. Mkuu wangu wa kazi alinisifu mbele ya wenzangu, akasema kila mtu aige mfano.

Mwenzangu wa ghalani, ambaye hucheza dama kuliko anavyofanya kazi, ndiye aliyenipa jina la ugonjwa. "Iko blokaji," alisema, na alilitamka kama daktari aliyeikuta mishipa. Dawa aliyoniagizia ni lotoko, ile pombe kali wanayoipika watu nyuma ya nyumba zao. Alisema inayeyusha. Nilikunywa kidogo baada ya kazi, nikakaa na karatasi, na nilipoamka nilikuwa juu ya magunia ya maharagwe. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mawili, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu wa kila siku, yamepigiwa mstari: Kwa hiyo. Kwa hiyo nini, sitajua kamwe.

Directeur alikuwa na dawa yake. Aliniambia kipaji ni nidhamu: nikae mahali pamoja kila siku, saa ileile, nisiinuke hata kama siandiki. Nikakaa mezani sebuleni. Mama mkwe, mjukuu akiwa mgongoni, aliponiona na kalamu aligeuka akawanong'oneza wote kwamba mutu anaandika. Nyumba nzima ikanyamaza. Mtoto wetu mkubwa akatolewa nje. Mke wangu akaacha kutwanga. Nakwambia hata kuku walipita kwa ncha za vidole. Nikakaa katikati ya ukimya ule wa heshima, kalamu mkononi, na jasho likanitoka kama mtu aliyeitwa polisi.

Nilikuja kujua chanzo siku ya Jumapili, nikiwa nyuma ya jiko na sahani yangu ya lituma, ndizi zetu za kuponda. Ndani, mama mkwe alikuwa anamsimulia mke wa jirani habari za matanga fulani huko Butembo. Alieleza alivyolia, alivyopangusa machozi, na alivyouliza ni nani aliyepika pondu, maana aliona maji matupu.

Lile tonge likasimama kooni. Hayo yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika mimi, yakasomwa redioni, muda mrefu kabla hajafika. Nikajiambia labda aliyasikia hewani. Lakini redio yetu upepo ukiwa mzuri hufika Bengamisa, na kutoka hapo mpaka Butembo kuna msitu ambao hata barabara huingia ikapotea. Basi ikabaki njia moja tu. Si yeye aliyeyatoa kwangu.

Kisha yakaja mengine, moja baada ya jingine, kama mizigo inayotoka kwenye tumbo la ndege. Bibi arusi na kukata tamaa: Jumapili. Kikohozi: Jumapili. "Mimi sisemi kitu": kila Jumapili, spika imefunguliwa, mimi nanyoosha kola. Sikio langu lilikuwa limeiba, mkono ukauza, na mimi mwenye duka sikujua bidhaa zinatoka wapi. Nikapaliwa. Nilikohoa mpaka kuku wakatawanyika, na kutoka ndani nikasikia sauti yake ikiuliza ni nani anayekohoa hivyo, au wamemficha mgonjwa nyuma ya nyumba.

Nilikuwa na imani kwamba mtu akishajua mwiba uko wapi, umeshatoka nusu. Si kweli. Sasa nilielewa kwamba kichwa hakikuwa kitupu hata siku moja. Kilikuwa kimejaa, ila mlangoni alikaa mlinzi na mlinzi huyo alikuwa mimi mwenyewe, nimetazama chini, mikono miwili mbele. Kujua huko kulinisaidia nini? Zamani niliogopa bila kujua naogopa nini. Sasa woga ulikuwa na uso, na uso huo ulikuwa uani kwangu unafua nepi za mwanangu.

Nikafanya wanachofanya watu waoga wenye kalamu. Nilimsafirisha. Katika mchezo wa Jumamosi ile, kwa mistari michache, mtu alileta habari kwamba Mama Mukubwa ameitwa na ndugu zake huko Basoko, amepanda baleinière, ile mashua ndefu ya mbao, na hajulikani atarudi lini. Anayejua safari za Basoko anajua kwamba hapo nilikuwa nimejipatia nafasi ya kutosha. Mota inaweza kufa njiani. Maji yanaweza kupungua. Hakuna msikilizaji angeniuliza swali kabla ya mwezi.

Mchezo ukaendelea bila yeye. Nikaandika habari za ndugu wawili wanaogombea mbuzi. Directeur aliisoma bila kusema neno. Wasikilizaji walisema. Waendesha toleka, wale wa baiskeli za kubeba watu, waliniuliza barabarani yule mama anarudi siku gani. Abiria mmoja mwanamke alikataa kupandisha gunia lake kwenye mizani mpaka nimweleze kama walau amefika salama.

Nyumbani nako kulibadilika. Mama mkwe akawa baridi. Asubuhi alinisalimu, jioni akanisalimu, na katikati hakuna. Hakusema "mimi sisemi kitu". Alinyamaza kwelikweli, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Nilidhani mtoto anamchosha. Mke wangu kila nikimtazama aliinamisha uso kwenye kanga ya mtoto, mabega yakitikisika. Nilipomuuliza anacheka nini alisema hachekei kitu, ni maziwa yanamtekenya.

Mtu aliyeumia zaidi kwa safari ile ya Basoko alikuwa yule aliyemwigiza Mama Mukubwa. Ni mama mwenye mwili, anauza samaki wa moshi sokoni, na sauti yake inaweza kusimamisha lori. Kila Jumamosi alifika kituoni, amevaa vizuri, akakaa kwenye benchi akisikiliza wanaume wawili wakigombea mbuzi. Alivumilia. Kisha Jumapili moja alasiri akaja nyumbani kwangu.

Nilikuwa sebuleni, na mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni akimpa mtoto maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Muuza samaki hakumjua. Alimsalimu kama unavyomsalimu mgeni wa nyumba, akakaa, akanigeukia.

Aliniambia bila kuzunguka kwamba sokoni wateja wanamcheka. Zamani walikuja kununua samaki ili wamsikie. Sasa wanamuuliza kama amefukuzwa. Alitaka kujua amekosea nini. Nilimjibu kwamba hajakosa lolote, ni kichwa changu tu kimefunga. Akasema kichwa changu kinaweza kufunga kwa shida zake, lakini yeye anamhurumia Mama Mukubwa, kutupwa Basoko na umri ule. Kisha, ili nione ninachokiharibu, akajinyoosha kwenye kiti na kuitoa ile sauti.

Nilimpa ishara ya macho. Nikampa ishara ya mkono. Nilimpa kila ishara ambayo mwili wa binadamu unaweza kutoa bila kuinuka. Akaichukua kama pongezi. Akakohoa, akasema, "Mimi sisemi kitu," na akaanza kuitazama sebule yangu. Alilisema pazia. Alilisema kabati. Alisema juu ya mwanamume anayemzalisha mke mtoto wa pili ilhali bado anamiliki kiti kimoja kizuri tu. Ilikuwa kazi nzuri sana. Haijawahi kuwa nzuri vile kituoni, na mimi nilikuwa natafuta mlango wa nyuma kwa macho.

Alipomaliza alinigeukia, akingoja sifa. Mama mkwe alikiweka kijiko kwenye kikombe. Akampangusa mtoto kidevu.

"Hapana," akasema. "Mutu hakohoake vile."

Muuza samaki akageuka kumtazama.

"Unakohoa mbele, kisha unasema. Donc mutu anajua unakuya. Anajificha." Alimhamisha mtoto begani. "Unaanza kusema kidogo. Mutu anafikiri ni salamu. Ndiyo unakohoa. Anaangalia juu, na hapo unamukamata."

Na akaonyesha. Alianza kwa kulisifu gauni la muuza samaki, akalisifu kwa upole kabisa, akasita, akakohoa, mwenzake akainua macho, na hapo akamwambia, "Mimi sisemi kitu, lakini hii rangi wanazikiaka nayo watu."

 Nikaona uso wa muuza samaki unabadilika polepole, kama mtu aliyeuza sura ya mtakatifu miaka mingi na leo mtakatifu mwenyewe amegonga mlango. Alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, na akalazimika kushika meza.

Nilipiga magoti. Sikupanga, magoti yenyewe yalijua. Nilianza kusema kwamba mama, sikukusudia, nilikuwa napiga pasi. Alininyamazisha kwa mkono.

"Bibi yako ananitumiaka ile mchezo," akasema, akimaanisha mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlango wa chumbani akiuma kanga. "Kila juma, mu simu. Mimi na wamama wa parokia tunakaa tunasikiliza. Butembo yote wanajua ule mama ni mimi. Ni wewe tu hukujua?"

Nilisema sikujua.

"Bon. Nilipanda ndege na huu moyo wangu, nikasema nitaenda kujisikia ku redio ya kweli. Nimefika, sijakaa hata vizuri, na mukwe wangu ananitupa mu baleinière." Hapo nikaelewa kwamba ile baridi ya majuma yote haikuwa uchovu. "Nilikukosea nini?"

 Katika woga wangu wote nilikuwa nimeogopa kwamba ataudhika kwa kuwamo. Haikunipitia hata siku moja kwamba ataudhika kwa kutolewa.

Baada ya hapo ningependa kusema kwamba kichwa kilifunguka jioni ileile. Hakikufunguka. Ruhusa nilikuwa nayo, na ruhusa ikawa mzigo mpya. Mama mkwe sasa alikuja mezani wazi. Aliniletea habari za wifi yake wa Butembo, ambaye alitaka nimtie kwenye mchezo akiwa mwizi wa kuku. Aliniuliza asubuhi Mama Mukubwa atasema nini Jumamosi, na jioni akaniuliza kama amebadili mawazo. Kila nilipoandika neno niliyaona macho yake yakilipima. Nikarudi kwa mbuzi wangu. Mbuzi naye alikuwa amenichoka.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba bado namheshimu. Bado nilimwita mama kwa sauti ya chini, nikitazama viatu. Bado nilibeba sahani yangu nyuma ya jiko. Na mtu usiyethubutu kumwinulia macho utamwandikaje? Utaandika viatu.

Yeye ndiye aliyechoka kwanza. Siku moja mchana nilikuwa kwenye kigoda changu, uso ukutani, nikamsikia anatoka. Nikaacha kutafuna. Akasimama nyuma yangu, akaanza kuzungumza juu ya ukuta, kwamba ni ukuta mzuri, umepigwa chokaa vizuri. Kisha akakohoa. Nami, mjinga, nikageuka na kuinua macho, na nikamwona uso wake kwa mara ya kwanza: mdogo kuliko sauti yake, nyusi chache, na macho ya mtoto aliyeficha kitu.

"Mimi sisemi kitu," akasema, "lakini mwanaume anakula sawa na mwizi mu nyumba yake, ile chakula inaenda wapi? Inaogopa pia."

Akaichukua sahani kutoka mapajani mwangu, akatangulia nayo ndani. Kwa njaa nikamfuata. Aliiweka mezani sebuleni, mbele ya kiti kile kizuri kimoja, na yeye akakaa mkabala. Mke wangu alijifanya anatafuta kitu kabatini. Nilimwambia mama mkwe kwamba kwetu haifanyiki. Alisema hata kwao haifanyiki, lakini kwao mkwe hamtii mama mkwe redioni pia, kwa hiyo desturi imeshavunjika na sasa tunalinda vigae tu.

Nikala. Ilikuwa lituma na samaki, na sijawahi kula kitu kigumu kama kile. Nilitafuna tonge la kwanza kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza sahani. Alinitazama kwa umakini wote. Nilipomeza, akasema natafuna upande mmoja tu kama mbuzi mzee, na kwamba sasa anajua ule mchezo wa mbuzi niliutoa wapi.

Nilicheka. Ilinitoka tu, mdomo umejaa, mbele yake. Akacheka na yeye, na vipande vya lituma vilivyofika mezani hakuna aliyevizungumzia.

Kesho yake ndege ilichelewa. Nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa, gunia la mtu lililokuwa linavuja, nilipomsikia Mama Mukubwa akishuka kutoka kwenye baleinière huku akimlalamikia nahodha. Alisema yeye hasemi kitu, lakini mto umepita hapo tangu kuumbwa dunia na nahodha bado anautafuta. Basoko alikuwa ameikuta haina mpangilio. Samaki wao walikuwa wazuri, na hilo lilimuudhi zaidi, maana alikuwa ameandaa maneno. Nikachukua kalamu nikamfuata mbio. Niliandika mpaka mwenzangu wa dama akaja kuniambia kwamba ndege imetua, imeshushwa, na mkuu anauliza nimefia wapi.

Mchezo wa kurudi kwake ulisomwa Jumamosi. Nilikuwa kituoni, kwa hiyo yaliyotokea sebuleni kwangu nimesimuliwa na mke wangu. Alisema majirani walijaa mpaka uani. Alisema mama yake alivaa lile koti la sufu, kwa heshima ya tukio, na alikaa karibu na redio bila kucheka hata mara moja, akikubali kwa kichwa hapa na pale kama mtu anayehakikisha mzigo wake haujapungua. Kikohozi kilipokuja mahali pake, baada ya salamu, aliwaambia majirani kwamba hicho amekifundisha yeye. Nilipofika nyumbani nilimuuliza ameonaje. Alisema ni vizuri, ila nahodha nimemwonea huruma mno.

Alirudi Butembo mtoto alipoanza kukaa. Simu za Jumapili zinaendelea, na spika inafunguliwa. Tofauti ni kwamba siku hizi, akifika penye utamu, husimama na kuuliza kama pasi imepata moto.

Tangu hapo kichwa kimefunga tena mara kadhaa. Ni kitu kinachorudi kama malaria. Lakini sinywi tena lotoko, wala sikai mezani kwa nidhamu. Nikiona maneno yangu yanaanza kuvaa nguo za kanisani, nauliza tu: humu ndani nimemtazama nani viatu? Mara nyingine najibu mwenyewe. Mara nyingine namuuliza mke wangu, ambaye hujibu upesi kuliko ninavyotaka.

Mwezi uliopita hali hiyo ilinipata tena. Nilitaka kuandika juu ya mwanamume mmoja ofisini, mwenye tumbo na muhuri, anayependa kuwasifu watu kwa mambo yasiyo na maana huku kazi yenyewe imelala. Sentensi zilikuja zimepiga saluti. Nilimsomea mke wangu ukurasa wa kwanza. Aliendelea kuchambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Iko mkuu wako wa Bangboka," akasema.

Nilikana. Nilikana kwa maneno mengi mazuri. Kisha nikaenda kazini, na tangu siku hiyo mizani yetu inang'aa kuliko mizani yoyote ya jimbo hili.